Kibanda cha maonyesho ya sanaa hakitolewi bure

Wengi wakisikia galari ya Nairobi kama Circle Art Gallery imepeleka kazi za wasanii kwenye 1-54, maonyesho ya sanaa ya Afrika yaliyoanzishwa London mwaka 2013 na Touria El Glaoui, hudhani imealikwa na kugharamiwa kila kitu. Sivyo hata kidogo. Galari huomba nafasi, huchujwa, kisha hulipia kibanda kulingana na ukubwa wake. Bado kusafirisha picha, bima, nauli na malazi, kwa siku chache tu! Picha ikiuzwa, kwa kawaida galari na msanii hugawana nusu kwa nusu. Ndiyo maana naumia nikisikia mwenye galari akiitwa mnyonyaji. Mtazame pale kibandani: kasimama tangu asubuhi, orodha ya bei mkononi, anamngoja mnunuzi mmoja arudishe angalau nauli.