Mshono mdogo unavyoweza kukata meli nzima

Tarehe 16 Januari 1943, Schenectady, meli mpya ya mafuta, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Oregon. Maji yalikuwa shwari. Ilikuwa baridi tu.

Mishono mibovu ya kuchomelea ilikuwapo, lakini kumtupia lawama zote mchomeleaji ni kumwonea. Constance Tipper, mtaalamu wa vyuma wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alionyesha kwamba chuma cha meli za wakati ule kikipoa kupita kiwango fulani hukatika kama kioo, hakivutiki kwanza. Meli za Liberty, zile za mizigo za Marekani za Vita vya Pili vya Dunia, nazo zilikuwa na pembe kali kwenye milango ya ngama, mahali mkazo unapojikusanya. Kwenye meli ya ribiti, yaani iliyoungwa kwa pini za chuma, ufa ukifika ukingo wa bamba mara nyingi huishia hapo. Ya kuchomelewa ni chuma kimoja kuanzia omo hadi tezi, kwa hiyo ufa haukuti mpaka.

Ndiyo maana leo pembe huviringwa, na chuma hupangwa kwa daraja. Hupimwa kwa nyundo ya Charpy, inayovunja kipande cha chuma kwa pigo moja: daraja D lazima lihimili nishati ya jouli 27 kwenye nyuzi -20 za Selisiasi, na E kwenye -40.

Mfano ninaoutilia mkazo zaidi ni Kurdistan, meli ya mafuta iliyokatika Machi 1979 karibu na barafu za Kanada ikiwa na mafuta ya moto. Ufa ulianzia kwenye mshono mbovu wa mkuku wa ubavuni, ule ubapa wa kupunguza mrama. Wengi huuona kama pambo. Lakini umechomelewa kwenye mwili wa meli, kwa hiyo meli ikipinda nao unavutwa.

Basi unapounga vipande vya mkuku huo, chonga kingo, jaza mshono hadi kwenye mzizi, yaani chini kabisa, chimba upande wa nyuma mpaka ufikie chuma safi, ndipo ufunge. Maungio yake yasiangukie juu ya maungio ya bamba la meli. Fimbo za kuchomelea za haidrojeni kidogo zikaushwe kwa nyuzi 300 hadi 350, kwa muda aliouandika mtengenezaji, kisha zikae kwenye oveni ya moto. Zikinyonya unyevu, haidrojeni huingia kwenye chuma na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi.

Wala usiwashie fimbo juu ya bamba tupu, nje ya mshono. Doa inaloacha hupoa ghafla na kuwa gumu. Lisage liishe, kisha kagua kwa unga wa sumaku, unaojikusanya penye ufa.