Amechezwa unyago, lakini bado ni mtoto: maswali kuhusu ndoa za utotoni Mtwara na Lindi

Kwetu mahari ni kidogo. Iweje kwa ndoa za utotoni tutajwe pamoja na mikoa ya mahari ya ng'ombe, kama Shinyanga?

Kwa sababu mahari ya ng'ombe si chanzo pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulionyesha kuwa Lindi, wanawake 48 kati ya 100 wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Mtwara walikuwa 35, Shinyanga 59. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, mahari ni ndogo, na ndoa hufungwa na kuvunjika kwa wepesi. Mara nyingi mimba ndiyo hutangulia, ndoa ikaja nyuma kufunika aibu. Kwa hiyo huku kusini tuulize kwanza habari ya mimba.

Na mimba hizo zinatoka wapi?

Tazama geto. Shule ya sekondari iko mbali, mzazi anampangia binti chumba karibu na shule, anamwachia unga na kurudi shambani. Mboga, sabuni na pedi atajua mwenyewe. Oktoba minada ya korosho inafunguliwa, vijana wana pesa mkononi, na lifti ya bodaboda haikosekani. Ikifika Februari ghala la nyumbani limekauka, na ahadi ya sahani ya wali inakuwa na uzito. Watoto wengi wanalelewa na mama peke yake au na bibi, baba kaoa kwingine. Hapo posa ya mtu mwenye mikorosho yake huonekana nafuu, si ukatili.

Na unyago, mafunzo ya jadi ambamo binti "huchezwa", je, upigwe marufuku?

Mimi siafiki. Unyago hufundisha usafi wa hedhi na heshima, mambo ambayo wazazi wengi huona haya kuyasema. Tatizo ni umri: mtoto wa miaka tisa au kumi anafundwa kuishi na mume, akitoka mtaa unasema "huyo kashachezwa", na wanaume wanasikia. Somo la mume lisubiri. Kungwi, yaani mwalimu wa unyago, akikaa na muuguzi wa zahanati kulipanga upya, atasikilizwa kuliko bango lolote.

Mwili wa binti unapata shida gani?

Nyonga yake haijamaliza kupanuka. Mtoto akikwama, uchungu huweza kuendelea siku mbili, kichanga kikafa na mama akabaki na fistula: mkojo au kinyesi kinavuja bila kuzuilika. Fistula hutibika kwa upasuaji, si laana. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wasichana wa umri huu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30.

Binti yangu ana miaka 15 na tayari ni mjamzito. Nifanye nini?

Mpeleke kliniki wiki hii, usingoje tumbo lionekane. Apimwe damu na presha, apewe vidonge vya kuongeza damu, na ajifungulie hospitali yenye uwezo wa upasuaji. Akiumwa kichwa sana, akiona ukungu au akivimba uso, msisubiri kuche. Tangu mwishoni mwa 2021 anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua. Kama kuna anayemlazimisha kuolewa, piga 116 bure, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.