Kilichomo Katika Chombo na Kinachotoka Katika Chombo

Katika miezi ya karibuni maabara yetu imepokea malalamiko mengi yanayofanana: mtu amesugua bakuli lake kwa kijiti cha kupimia risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, kijiti kimegeuka chekundu, na sasa anadai mzigo wote uondolewe madukani na mwuzaji ashtakiwe. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Hata hivyo, kijiti kile hujibu swali moja tu, yaani kama ipo risasi usoni mwa chombo, ilhali kanuni za vyombo vya chakula huuliza swali jingine kabisa: ni kiasi gani kinachotoka na kuingia katika chakula?

Tofauti hiyo ni kubwa. Risasi iliyomo katika gilezi, ile safu nyembamba ya kioo inayoyeyushiwa juu ya udongo tanurini, hushikwa barabara ikiwa mchanganyiko ni sahihi na moto umetosha. Gilezi ileile ikichomwa kwa moto hafifu, au ikitiwa shaba ili ipate rangi ya kijani, huiachia risasi kwa urahisi zaidi. Maji matupu huiondoa kidogo sana. Asidi, iwe ya siki au ya limau, hubadilishana nayo: chembe za hidrojeni huingia katika kioo na za risasi hutoka, na kasi huongezeka kadiri joto linavyopanda. Muda nao huhesabiwa. Chupa ya kristali ya risasi, ambayo kwa kanuni za Ulaya huwa na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi, haina athari sawa kwa anayemimina kinywaji na kukinywa papo hapo na kwa anayekihifadhi humo miezi kadhaa.

Kwa sababu hiyo tunapima mtoko, yaani kiasi kinachotoka katika chombo, na tunapima kwa utaratibu usiobadilika. Chombo huoshwa kwa sabuni laini, husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa, kisha hujazwa asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, ya asilimia 4 hadi karibu na ukingo, hufunikwa na kuachwa saa 24 katika nyuzi 22 za Selsiasi, gizani pale kadimi, metali nyingine yenye sumu, inapopimwa. Kimiminika ndicho kinachopelekwa kwenye mashine. Bakuli lenyewe hubaki mezani. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1984, ambalo maabara nyingi hulirejelea, huruhusu miligramu 4 za risasi na 0.3 za kadimi kwa lita katika vyombo vya kujazwa, na miligramu 1.5 za risasi katika vya kupikia. Sahani yenye kina kisichozidi milimita 25 hupimwa kwa eneo la uso wake, si kwa lita, na tafadhali msituletee hesabu za lita kwa sahani. Kikomo kikipitwa kwa kiasi kisichozidi nusu yake, vyombo vingine vitatu vya aina ileile hupimwa: wastani usizidi kikomo, na kisiwepo hata kimoja kinachokizidi kwa zaidi ya nusu. Mzigo ulioshindwa huzuiliwa, hurudishwa au huteketezwa kwa gharama ya aliyeuingiza.

Sasa utaona kwa nini bakuli moja lililopasuka, lililofungwa ndani ya gazeti, halitufai. Wala halifai lile ambalo mwenyewe amelichemsha kwa siki mara kumi “ili kulitoa sumu”, jambo tunaloambiwa kila wiki kana kwamba ni busara. Siki ya moto humomonyoa gilezi, na chombo kilichofika kwetu si tena kile kilichouzwa, hivyo matokeo yake hayawezi kutumika dhidi ya yeyote. Lete vyombo vinne vinavyofanana, ambavyo havijatumika, pamoja na risiti.

Vyombo vya plastiki navyo hupimwa kwa mtoko, ila vina vimiminika vyake vya kupimia, yakiwemo mafuta ya mimea, kwa sababu vitu vingi vinavyokataa kutoka katika maji hutoka bila shida katika mafuta. Chombo cha kutumika mara nyingi hupimwa mara tatu mfululizo kikiwa kilekile, na tokeo la tatu ndilo linalolinganishwa na kikomo. Ikiwa kiasi kinachotoka kinapanda kutoka kipimo hadi kipimo badala ya kushuka, tunajua kwamba plastiki yenyewe imeanza kuvunjika, na hapo chombo hukataliwa hata kama kikomo hakijafikiwa.