Bushi ngumu si lazima iwe bora
Wengi wanaochomelea wenyewe amu za gari la porini (mikono ya chuma inayoshikilia ekseli) huamini kwamba kadiri bushi, yaani kipande cha raba au plastiki kwenye maungio ya amu, inavyokuwa ngumu ndivyo inavyodumu. Imani hii ina msingi: poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, haibonyei kirahisi kama raba, na usukani hutulia kwenye lami.

Lakini porini tairi moja hupanda jiwe huku jingine likining'inia, na amu za ekseli nzima (ile moja inayounganisha tairi la kushoto na la kulia) hulazimika kujipinda. Raba hukubali, bushi ngumu hukataa, na nguvu huhamia kwenye mabreketi (vishikio vya chuma vya amu) na weldi. Nyufa huanzia hapo.

Jionee mwenyewe: gari likiwa limetulia imara, inua tairi moja kwa jeki, kisha mulika tochi kwenye mabreketi utafute nyufa. Boliti za bushi za raba zikazwe gari likisimama kwa matairi yake. Zikikazwa likining'inia, raba hubaki imepindwa na huchanika mapema.