Hakuna kipindi cha kujazia muda

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu mwenye elimu yake, kwamba televisheni ya umma haina ratiba. Ina taarifa ya habari saa 2 usiku, na saa zilizobaki zote ni kuokoteza chochote kilichopo stoo. Asubuhi mazoezi ya viungo, mara kilimo, mara katuni, mara bunge, mara kwaya, mara ndondi, kisha daktari anaeleza ugonjwa wa ini. Mwisho wa maneno yake ni ule ule: ondoeni vipindi visivyo na watu, wekeni tamthilia na mpira kutwa nzima, watazamaji watarudi wenyewe. Kazi yangu ni kupanga ratiba hiyo. Nimechoka kuijibu hoja hii kwa mdomo, kwa hiyo leo naiandika.

Ratiba haianzi na swali la tuna vipindi gani. Inaanza na nani yuko mbele ya runinga saa hiyo, na ana muda kiasi gani kabla hajainuka. Nchini Uingereza, hadi Februari 1957, televisheni ilizimwa kila siku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 usiku ili wazazi wapate kuwalaza watoto. Televisheni ya taifa ya Aisilandi haikurusha chochote siku ya Alhamisi hadi mwaka 1987. Hata saa ambazo hazikuwa na kipindi zilikuwa zimepangwa. NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, imekuwa na tamthilia ya asubuhi tangu 1961, na kwa miaka mingi sasa ni ya dakika 15, urefu unaomtosha mtu anayejiandaa kutoka. Na taarifa ya habari ya ARD, televisheni ya umma ya Ujerumani, iliyoanza Desemba 1952, huenda hewani saa 2 kamili usiku kwa takriban robo saa. Ndiyo maana vipindi vikubwa vya usiku vya nchi hiyo huanza saa 2 na robo, hata kwenye vituo vya kibiashara ambavyo havidaiwi chochote na ARD. Saa moja ikishazoeleka, siku nzima hujipanga kuizunguka.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, nacho ni "kipindi hakina watu". Wanaosema hivyo huwa wameshika namba moja tu, wastani wa watazamaji kwa dakika. Hiyo ni namba ya muuza matangazo, na kwake ni namba sahihi kabisa, kwa sababu anauza macho yaliyopo wakati tangazo lake linapopita. Shirika la umma linagharamiwa na wote, kwa hiyo lina swali jingine la kujibu: katika wiki nzima, ni watu wangapi tofauti waliopata kitu chao kwetu? Huo ndio ufikiaji, na namba hizi mbili zinaweza kwenda njia tofauti kabisa.

Chukua hesabu ya mfano. Saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, tunaweka tamthilia moja. Inatazamwa na watu 10,000, wale wale kila siku. Wastani ni 10,000 na ufikiaji ni 10,000. Sasa iondoe, weka vipindi vitano: wakulima, lugha ya alama, riadha, afya, muziki wa kwaya. Kila kimoja kinapata watu 6,000. Wastani umeshuka kwa asilimia 40, na kesho yake mtu ataandika kwamba tumeua ratiba. Lakini kama watazamaji hao hawafanani, tumefikia watu 30,000, mara tatu ya mwanzo. Najua hawawezi kutofautiana wote. Mpenzi wa riadha anaweza pia kuwa mkulima. Hata hivyo, waliorudia wakiwa nusu nzima, bado tumewazidi wale 10,000.

Na ufikiaji wenyewe una mambo yake, ambayo vitabu vya fani yetu huyapita haraka. Lazima kwanza uamue nani amehesabiwa kuwa ametazama. Kuna wanaotosheka na dakika 3, kuna wanaotaka dakika 15 mfululizo. Kwa kigezo cha dakika 3, hata aliyepita akitafuta rimoti anaingia kwenye hesabu. Kwa kigezo cha dakika 15, kipindi cha afya cha dakika 12 hakitampata mtu hata mmoja kwa nguvu zake chenyewe, hata kama waliokitazama hawakupepesa macho. Anayekuletea ripoti bila kukuambia kigezo chake hajakuambia kitu.

Halafu kuna sampuli. Vipimo vya watazamaji hutoka kwenye kaya chache zilizochaguliwa kuwakilisha nchi nzima. Kwa fainali ya mpira hilo halisumbui. Kwa kipindi cha lugha ya alama linasumbua sana, kwa sababu huenda kwenye sampuli nzima kaya zenye mtu kiziwi ni za kuhesabika kwenye vidole. Mmoja akisafiri, kipindi "kimeporomoka". Akirudi na mgeni, "kimepaa". Wiki ambayo hakuna hata kaya moja iliyokiwasha, ripoti inaandika sifuri, na sifuri hiyo hupelekwa kwenye vikao vya bajeti kama ushahidi kwamba nchi nzima haikukitazama. Nimewaona watu wazima, wenye mamlaka, wakikata kipindi kwa sifuri ya namna hiyo. Inanikasirisha kwa sababu mtazamaji aliyepokonywa kipindi chake hana kituo kingine cha kukimbilia. Mpenzi wa tamthilia anavyo kumi.

Mpangilio nao si bahati nasibu. Kipindi hurithi watu wa kilichotangulia, ndiyo maana makala ngumu huwekwa baada ya kitu kinachopendwa, na ndiyo maana kipindi kipya hakitupwi peke yake saa 5 usiku kikatarajiwa kuishi. Ukiona mazungumzo ya afya ya uzazi yako mara baada ya tamthilia, usidhani ni ajali. Hapa nina mashaka yangu mawili. La kwanza, urithi huu ulijengwa juu ya mtu aliyekaa sebuleni, rimoti iko mbali, kituo kimoja kinaendelea. Anayetazama kwa simu hachukui kipindi cha pili. Anachagua kimoja na kuondoka. Bado tunapanga jioni nzima kana kwamba yule wa sebuleni ndiye wengi, na sina uhakika kwamba tuna haki ya kuendelea hivyo. La pili ni zito zaidi. Tunamwekea mtu kitu ambacho hakukiomba kwa imani kwamba kitamfaa. Nani alitupa kazi ya kujua kinachomfaa? Naamini kukutana na jambo ambalo usingelitafuta ni faida kubwa ya televisheni ya umma. Lakini ninapoyapanga hayo makutano, najua naweza pia kuwa ninalazimisha ladha ya ofisi juu ya nyumba za watu.

Dakika za katikati ya kipindi na kipindi nazipita upesi. Makala nyingi za kimataifa hutengenezwa zikiwa na dakika 52 ili kituo cha kibiashara kipate nafasi ya matangazo. Kituo kisicho na matangazo ya biashara kinabaki na dakika 8 za kujaza ili kifike kwenye saa kamili. Hapo ndipo vijazio halisi huishi: tangazo la kipindi kijacho, hali ya hewa, filamu fupi ya mandhari. Pia filamu ya sinema ya picha 24 kwa sekunde ikirushwa kwa 25, dakika 100 huwa 96, na asiyejua hilo atabaki na shimo la dakika 4.

Niwaonyeshe jioni moja inavyovunjika. Mechi ya mtoano inaanza saa 12 kamili. Vipindi viwili vya dakika 45, mapumziko ya 15, na dakika za majeruhi: tunatoka saa 1:50 au 1:55, na taarifa ya habari inaingia saa 2 kamili. Wametoka sare. Ongeza dakika 30 na mapumziko mafupi, tuko saa 2:30. Bado sare, penalti, 2:45. Saa 1:50 ile ile ndipo uamuzi unapofanyika: msomaji wa habari ameshapakwa poda, mkalimani wa alama yuko mahali pake, chumba cha urushaji kinapiga simu. Mpira haukatwi. Habari huahirishwa au hufupishwa, kisha hurudi. Anayelipa deni la dakika 45 ni yule aliyekuwa saa 3 usiku, na mara nyingi ni yule makala wa dakika 52 ambaye hana mtetezi ndani ya jengo. Anaondolewa usiku huo, anarudishwa Jumapili alfajiri bila tangazo, waliomsubiri hawamwoni, na ripoti ya wiki inamwandikia namba ndogo. Kisha mtu anasema, mnaona, hana watu.

Dawa yake inajulikana. Kilichoondolewa kirudishwe wiki ile ile, kwenye saa inayofanana na ile ya kwanza, na kitangazwe hewani usiku huo huo kabla watu hawajalala. Namba za siku aliyohamishwa zisitumike kumhukumu. Haya mawili nayaombea kwenye kila kikao, hupitishwa, na hudumu hadi mashindano yajayo.

Kuhusu marudio, ambayo nayo huitwa uvivu: mkataba wa kipindi kilichonunuliwa kwa kawaida hutoa idadi maalumu ya kurushwa ndani ya kipindi fulani cha muda. Kurusha mara moja tu ni kutupa kilicholipiwa. Marudio ya mchana ni ya wanaofanya kazi usiku, na marudio ya usiku wa manane ndiyo mara nyingi yenye tafsiri ya alama. Ukitaka kutuandikia kwamba kipindi fulani kiondolewe, tafadhali taja siku na saa uliyokiona, na kama ilikuwa marudio. Barua nyingi ninazopokea zinalalamikia saa ambayo kipindi hicho hakikupangiwa tangu mwanzo.