Je, wajua kwa nini mawe ya Giant's Causeway, zile nguzo za mawe zilizosongamana pwani ya Ireland ya Kaskazini, yana pembe sita?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la swali hili, tena nililitoa hata nisipoulizwa: ni fuwele. Chumvi huganda kwa vijimchemraba, chembe ya theluji huganda kwa pembe sita, basi na lava ya Ireland ya Kaskazini ilipopoa ikajipanga yenyewe kwa pembe sita. Nililirudia ndani ya basi lililotutoa Belfast, nikimweleza mwenzangu wa safari, naye kwa adabu akatazama dirishani. Tulipofika nikaketi juu ya nguzo moja iliyolainishwa na mawimbi na viatu vya watalii, nikapitisha kidole ukingoni nikihesabu pembe. Tano. Nikarudia. Tano. Ya jirani ilikuwa na saba.

Njia ya kufika huko ni ya kupendeza, nayo huanzia kwenye mji ambao kwa takriban miaka 30 habari zake zilikuwa mabomu na risasi. Wenyeji wa Belfast huuita wakati ule, kwa upole wa ajabu, “Matatizo”. Watu kama 3,500 waliuawa, wengi wao kabla ya mkataba wa amani uitwao Mkataba wa Ijumaa Kuu, wa Aprili 10, 1998. Siku hizi teksi nyeusi huwapeleka wageni kutazama michoro ya ukutani na “kuta za amani” zinazotenga mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Ndiyo, bado zimesimama, na baadhi ya mageti yake hufungwa usiku. Kutoka hapo unaweza kuelekea kaskazini kwa barabara ya pwani ya Antrim, kupitia Larne, Cushendall na Ballycastle, bahari ikiwa kuliani na majabali kushoto, mengine meupe ya chokaa, mengine meusi ya basalti, yaani lava iliyoganda. Kuna njia fupi zaidi ya bara, ya kama kilomita 100. Sioni kwa nini mtu asiye na haraka aishike.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana linastahili kuzikwa vizuri. Fuwele ni chembe zilizojipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia, na kwa sababu hiyo pembe kati ya nyuso zake hazibadiliki, fuwele iwe ndogo au kubwa. Mwanasayansi Nicolaus Steno aliliona hilo tangu 1669. Fuwele yenye pande tano hapa, saba pale na nne kule haipo. Ndani ya basalti fuwele zimo, lakini ni ndogo mno, nyingi huonekana kwa hadubini tu, nazo zimelala kila upande bila kujali kingo za nguzo. Kama hilo halitoshi, kando ya kisiwa cha Staffa huko Uskoti kuna nguzo zilizopinda kama mbavu za jahazi. Fuwele iliyopinda hivyo, mimi sijapata kuiona.

Nilijifariji kwamba sikukosea peke yangu. Katika karne ya 18 kulikuwa na wasomi walioamini basalti ni mashapo ya bahari ya kale, haihusiani na moto kabisa. Mfaransa Nicolas Desmarest ndiye aliyefuatilia nguzo kama hizi huko Auvergne, Ufaransa, miaka ya 1760, akaona ni sehemu ya mikondo ya lava. Wenyeji wa Antrim walikuwa na maelezo yao ya zamani zaidi: jitu Finn McCool alijenga barabara ya mawe kwenda Uskoti kupigana na jitu mwenzake, naye mpinzani alipokimbia akaibomoa, zikabaki ncha mbili tu. Hadithi hiyo ilikuwa na jicho zuri, kwa kuwa Staffa kweli ina nguzo za aina hiyohiyo, zilizozaliwa katika zama moja za volkano. Ila usidhani chini ya bahari kuna tabaka moja linaloziunganisha. Ni lava tofauti.

Chanzo cha maumbo haya ni nyufa. Kama miaka milioni 60 iliyopita, Atlantiki ya Kaskazini ilipokuwa inaanza kufunguka, lava ilimwagika ikatuama kama ziwa, ikaanza kupoa kwa juu na kwa chini. Jiwe likipoa hunywea. Lingekuwa huru lingepungua kidogo, basi. Lakini tabaka lililokwisha kuganda limeng'ang'aniwa na lililo moto zaidi, ambalo bado halijanywea.

Fikiria watu wamelizunguka shuka moja, kila mmoja analivuta kwake kwa nguvu sawa. Litachanika. Mchaniko wa kwanza unawalegezea waliosimama ubavuni mwake, huku na huku. Wanaovuta kufuata urefu wake bado wamekaza. Kwa hiyo mchaniko wa pili ukiufikia wa kwanza huugonga wima, mfano wa herufi T. Tazama tope la dimbwi lililokauka: T kila mahali, na vipande vingi vina pande nne.

Hapo nilikwama tena. Kama nyufa huanza kwa T, sita inatoka wapi?

Inatoka kwenye kina. Ufa hauteremki moja kwa moja hadi chini. Tabaka linalofuata likipoa vya kutosha, ufa unaruka hatua moja, unasimama, unangoja. Ubavuni mwa nguzo nyingi za namna hii duniani alama za vituo hivyo huonekana kama mistari ya kulala, moja juu ya nyingine. Kila hatua ni kuchanika upya: ufa uliotangulia juu si lazima utangulie na chini, na pale zinapokutana husogea kidogo. Ni kama vijia vya miguu uwanjani. Mwanzoni kimoja ndicho kikuu na kingine kinakigonga ubavuni. Watu wakizidi kukata kona, mwishowe matawi yote matatu yanakuwa sawa. T imegeuka Y. Nyufa tatu zikigawana nyuzi 360 kwa haki, kila pembe hupata 120, na umbo bapa ambalo kona zake zote ni nyuzi 120 ni pembesita peke yake.

Na ile nguzo yangu ya pande tano? Hesabu inasema ukigawanya uwanja mpana vipande, na kila kona vikakutana vitatu tu, wastani wa pande utakaribia sita. Ya tano na ya saba zilikuwa zinafidiana.

Jambo hili unaweza kulijaribu bila volkano. Koroga wanga wa mahindi na maji, uuache ukauke chini ya taa yenye joto, kisha uuvunje: ndani utakuta vijinguzo vyembamba. Kinachosinyaa hapo ni kwa kupotea maji, si joto, lakini nyufa hazijali. Kwa jiwe lenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza mwaka 2018 kwamba walibana basalti ya Iceland kwenye mashine, wakaipasha hadi zaidi ya nyuzi joto 1,000, wakaiacha ipoe. Ilipasuka kati ya nyuzi 840 na 890, yaani ilikwisha kuganda lakini ingeweza kukuunguza vibaya. Hilo ni la maabara, kwenye vipande vidogo. Ziwa zima la lava lilichukua muda gani kupasuka, makadirio hutofautiana. Lenye uhakika zaidi ni kwamba kadiri lava ipoavyo taratibu, ndivyo nguzo zinavyokuwa nene.

Nguzo za Causeway ni kama 40,000, na UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1986. Ukienda, chungulia kwenye nyufa. Utaona sarafu, nyingi sana, wageni wamezisokomeza humo kwa bahati njema. Mwaka 2025 National Trust, wanaolitunza eneo hilo, waliomba watu waache: sarafu ikishika kutu hufura hadi mara tatu ya unene wake, na kumomonyoa ukingo wa jiwe, huku ikiacha michirizi ya rangi ya kutu ubavuni.