Mfalme James hakutafsiri Biblia: dhana potofu kuhusu mfalme msomi na jamaa zake

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanaosoma Biblia kwa Kiingereza wanalijua jina la James, mfalme wa Uskoti aliyerithi pia Uingereza mwaka 1603, maana Biblia ya King James imekaa makanisani kwetu miaka mingi. Mwenyewe tunamjua kidogo sana, na mengi yanayosimuliwa juu yake, mitandaoni hata mimbarini, si kweli. Nayaeleza yale ninayokutana nayo mara kwa mara, kwa sababu mtu huyu alisoma kweli, aliandika kweli, na familia yake ilipitia mambo mazito. Anastahili kusimuliwa sawasawa.

Dhana: Alikaa chini akaitafsiri Biblia mwenyewe

Hapana. Wazo lenyewe halikuwa lake. Januari 1604, katika mkutano wa viongozi wa dini uliofanyika kwenye kasri la Hampton Court, mwanazuoni wa Oxford aitwaye John Reynolds ndiye aliyeomba ifanyike tafsiri mpya. Mfalme alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili. Kazi iligawiwa makundi sita, mawili Westminster, mawili Oxford na mawili Cambridge, yenye wanazuoni wapatao 47 waliobobea katika Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Walikuwa na kanuni 15 za kufuata, na Askofu Richard Bancroft ndiye aliyezisimamia. Mwaka 1611 Robert Barker, mpiga chapa wa mfalme, akaitoa, ikiwa na vile vitabu vya Apokrifa ambavyo matoleo mengi ya leo yameviacha. Tena maneno tunayoyasoma sasa kwa kawaida yamepitia marekebisho ya mwaka 1769.

James alichojaribu kukitafsiri mwenyewe ni Zaburi, kwa mashairi. Zilichapwa mwaka 1631, naye alikwisha kufa, na sehemu kubwa ilikuwa kazi ya rafiki yake mshairi, William Alexander.

Hata hivyo mkono wake umo katika Biblia ya 1611, mahali ambapo wengi hawaangalii: pembeni mwa ukurasa. Biblia iliyopendwa majumbani wakati ule ni ya Geneva ya mwaka 1560, na ilijaa maelezo ya pembeni. James aliyachukia. Katika mkutano ule alitaja mifano miwili. Wa kwanza ni wakunga wa Kiebrania katika Kutoka sura ya 1. Maelezo yalisema walikuwa na haki ya kutomtii Farao. Wa pili ni Mfalme Asa katika 2 Mambo ya Nyakati 15:16. Asa alimwondoa Maaka, mamaye, katika cheo cha umalkia kwa sababu ya sanamu yake. Maelezo ya Geneva yalimlaumu Asa kwamba hakuwa na bidii ya kutosha, kwa kuwa mwanamke yule alipaswa kuuawa.

Mfalme aliyekuwa akiyasoma hayo mama yake mwenyewe alikatwa kichwa akiwa malkia aliyevuliwa taji, na Waprotestanti wengi waliona ni halali. Ndiyo maana kanuni za wafasiri zilipiga marufuku maelezo ya pembeni, isipokuwa ya kufafanua neno la Kiebrania au Kigiriki. Wanahistoria hueleza jambo hili kama siasa ya kulinda kiti, na ni kweli. Mimi naona na kidonda cha mtoto kimo humo humo.

Dhana: Alikuwa mtoto wa Malkia Elizabeth, ndiyo maana akamrithi

Elizabeth wa Kwanza hakuolewa na hakuwa na mtoto. James alizaliwa katika ngome ya Edinburgh tarehe 19 Juni 1566, mama yake akiwa Mary, Malkia wa Uskoti, na baba yake Henry Stuart, maarufu kama Lord Darnley. Baba na mama wote wawili walikuwa wajukuu wa Margaret Tudor, shangazi yake Elizabeth. Kwa hiyo James alikuwa kitukuu cha Margaret kwa upande wa baba na kwa upande wa mama. Hapo ndipo haki yake ya kurithi Uingereza ilipotoka mwaka 1603. Huenda mkanganyiko unatokana na jambo jingine: Elizabeth alikuwa mama yake wa ubatizo, na alituma beseni la dhahabu kwa ajili ya sherehe ile.

Dhana: Alimtupa mama yake

Hili linahitaji subira. Baba yake aliuawa Edinburgh Februari 1567. Mary alimwona mwanawe mara ya mwisho Aprili mwaka huo huo, mtoto akiwa na miezi kumi. Julai akalazimishwa kuachia kiti, na siku chache baadaye mtoto wa miezi 13 akatawazwa mjini Stirling. Mwaka uliofuata Mary alikimbilia Uingereza, na Elizabeth akamweka kizuizini karibu miaka 19.

Sasa mtazame mtoto alivyolelewa. Mwalimu wake mkuu, George Buchanan, alikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa Kilatini barani Ulaya, na ndiye aliyeandika kitabu cha kumchafua Mary kwamba ni muuaji wa mumewe. Alikuwa mkali na hakuogopa kumchapa mfalme. Akamfundisha pia kwamba wananchi wanaweza kumng'oa mfalme mbaya. James alipokua, Bunge la Uskoti likakilaani kitabu cha mwalimu huyo chenye fundisho hilo. Kigiriki kilisomwa asubuhi kabla ya kifungua kinywa. James mwenyewe aliandika kwamba walimfanya aseme Kilatini kabla hajaweza kusema Kiskoti. Mwaka 1574 mjumbe wa Uingereza, Henry Killigrew, alimshuhudia mtoto wa miaka minane akifunguliwa sura ya Biblia bila kujiandaa, akaigeuza kutoka Kilatini kwenda Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza.

Mtoto wa namna hiyo, aliyejazwa ubaya wa mama asiyemkumbuka, ulitaka ampende vipi? Mary alipohukumiwa kifo, James alituma barua na wajumbe kumwombea, ila hakuvunja mkataba na Elizabeth, aliokuwa ameusaini mwaka 1586 pamoja na ruzuku yake ya kila mwaka. Mary aliuawa katika ngome ya Fotheringhay, Uingereza, tarehe 8 Februari 1587. James alichagua urithi wa Uingereza, na silioni jambo la kumtetea hapo. Ila hakumsahau: mwaka 1612 aliuhamisha mwili wake kutoka kanisa la Peterborough hadi Westminster Abbey, akamjengea kaburi kubwa la marumaru katika jengo lile lile alimozikwa Elizabeth.

Dhana: Alikuwa mtu mweusi, na picha zake zilibadilishwa

Wazazi wake, mababu zake na ndoa zao zimeandikwa vizuri. Wachoraji waliomwona kwa macho walimchora tangu utotoni. Arnold Bronckorst alimchora akiwa mvulana ameshika ndege wa kuwindia. Madai haya hayana hati hata moja ya wakati ule.

Dhana: Alikuwa mjinga mwenye vitabu, anayetokwa mate mezani

Sura hiyo imetoka hasa kwa Anthony Weldon, mtumishi aliyefukuzwa katika ikulu baada ya kuwatukana Waskoti kwa maandishi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1650, miaka 25 baada ya James kufa, wakati ufalme umekwisha kupinduliwa. Mwenye kinyongo haaminiki peke yake.

Usomi wake, hata hivyo, haukumzuia kudhuru watu. Mwaka 1589 alipanda meli kumfuata mchumba wake, Anne wa Denmark, aliyekwamishwa na dhoruba. Wakafunga ndoa Oslo mwezi wa Novemba. Katika safari hiyo alimtembelea mnajimu Tycho Brahe kisiwani Hven, wakazungumza elimu ya nyota. Aliporudi Uskoti akaamini kwamba dhoruba zile zilitumwa na wachawi. Alikaa mwenyewe kwenye mahojiano ya washukiwa wa uchawi wa North Berwick, mji wa pwani wa Uskoti, watu wakateswa, na mganga na mkunga Agnes Sampson akanyongwa na kuchomwa moto. Mwaka 1597 akatoa kitabu kizima kuhusu uchawi. Baadaye alianza kushuku. Mwaka 1616, mjini Leicester, alimhoji mvulana aliyedai kurogwa akagundua ni uongo. Waliobaki gerezani wakaachiwa, lakini wanawake tisa walikuwa wameshanyongwa kwa ushahidi wake.

Dhana: Ukoo wake uliishia kwa Charles aliyekatwa kichwa

Anne alizaa watoto saba walio hai, na watatu tu wakavuka utoto. Henry, mzaliwa wa kwanza, alilelewa mbali na mama yake kwa amri ya James, kama James mwenyewe alivyolelewa na watu wa nyumba ya Mar, ukoo wa makabaila wa Uskoti, na Anne alipigania kumpata kwa machozi. Kwa kijana huyo James aliandika kitabu cha mashauri ya utawala, kilichochapwa nakala saba tu mwaka 1599. Henry alikufa Novemba 1612 akiwa na miaka 18, huenda kwa homa ya matumbo, na urithi wa kiti ukamwangukia mdogo wake Charles, aliyeuawa na Bunge mwaka 1649.

Aliyeuendeleza ukoo ni binti, Elizabeth. Aliolewa Februari 1613 na Frederick, mtawala wa jimbo la Palatinate huko Ujerumani, akawa malkia wa Bohemia (sehemu ya Czech ya leo) kwa majira ya baridi moja tu, halafu akaishi uhamishoni miaka mingi. Binti yake Sophia aliolewa Hanover, Ujerumani. Malkia Anne wa Uingereza, mjukuu wa Charles, alipokufa mwaka 1714 bila mtoto aliye hai, ndugu wa karibu zaidi walikuwa Wakatoliki, na sheria ya mwaka 1701 ilikuwa imewazuia. Taji likaenda kwa George, mwana wa Sophia. Kila mfalme na malkia wa Uingereza tangu hapo, hadi Charles wa Tatu wa leo, ni wa uzao wa binti huyo wa James.